Kumvisha Bubu

Nilikuwa na mdomo mpaka nilipolaza karata zangu mezani. Baada ya hapo sikuwa nao. Usoni ulikuwepo, meno yote ndani yake na ulimi umelala mahali pake, lakini sheria ya meza ile ni kwamba wawili wanapocheza upande mmoja, mmoja hutoa ahadi, na mwenzake huzianika karata zake wazi zionwe na kila mtu, kisha hunyamaza. Karata zake zitachezwa na mwenzake. Yeye atanyoosha mkono na kuisogeza ile iliyotajwa, basi. Haonyi, hakohoi kwa maana, hakunji uso. Kiti hicho hukiita kiti cha bubu, na siku ile aliyekikalia ni mimi.

Aliyetoa ahadi ni mke wangu, Siwema. Alikaa ng'ambo ya meza akinitazama, mtandio wake wa kijani umefungwa kama afungavyo akiwa na kazi nzito, karata zake amezibana kifuani. Nywele zilizochomoza chini ya mtandio zilikuwa nyeusi. Nalisema hili mapema kwa sababu halikudumu.

Tulikuwa tunamchezea mtoto wetu. Azani, mwana wetu wa pekee, alitoka asubuhi kwenda kuazima ngazi ili apake chokaa ukuta wa nje, na Nyumba ikamchukua. Usiniulize Nyumba gani. Mtaani kwetu hakuna aliyewahi kuipa jina, na hakuna asiyejua iko wapi, maana ukitembea ukiwa na huzuni ya kutosha miguu inakufikisha yenyewe. Haina bango wala askari mlangoni. Ina chumba kimoja tu tulichoonyeshwa, na ndani yake meza, viti vinne, na mwanga ambao haukuwa wa asubuhi wala wa jioni.

"Karibuni, jisikieni nyumbani," alisema Bi Rehani, mwenye meza, alipotupokea. Sauti yake ilikuwa tamu, haina haraka, sauti ya mtu anayekupimia kitambaa. "Mchezo mnaujua. Mkitimiza mlichoahidi mnatoka na kijana wenu kwa mlango huu huu. Mkipungukiwa hata kimoja, kuna kiti kinamngoja."

"Kiti gani, bibi?" Siwema aliuliza.

"Cha kukalia, mwanangu. Viti vina kazi gani nyingine?"

Mchezo tuliujua kweli. Mtaani kwetu unachezwa kila baraza, na mtoto huujua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Kila mtu hupewa karata kumi na tatu. Anayeanza huweka moja, wengine humfuata kwa karata za aina ile ile, shupaza kwa shupaza, kopa kwa kopa, asiye nayo hutupa yoyote, na iliyo kubwa huzila zote nne. Hizo nne ndizo fungu. Mafungu ni kumi na matatu, na Siwema aliahidi kwamba yeye na mimi tutakula tisa. Aliahidi bila turufu, yaani hakuna aina iliyo juu ya nyingine. Nilipomsikia akisema "tisa, bila turufu" nilijua ana karata nzuri, kwa kuwa mke wangu si mtu wa kujitapa. Nilijua pia kwamba anataka ushindi ambao hautakuwa na deni kwa aina yoyote ya ubwana.

Kushoto kwake alikaa mchezaji wa pili wa Nyumba, mwanamume aliyeitwa Makame, mwembamba, mashavu yameingia ndani, mtu ambaye ungemkadiria miaka thelathini ukimtazama mikono na sitini ukimtazama macho. Yeye ndiye wa kuanza. Kabla hajaweka karata aligonga meza kwa kifundo cha kidole, mara moja, taratibu. Hivyo ndivyo tufanyavyo mtaani kwetu. Fungu la kwanza halianzi bila hodi. Niliona, nikafurahi kidogo hata, nikasema moyoni kumbe na huku wana adabu. Ndivyo akili yangu ilivyo, hupumzika mahali inapopaswa kuamka.

Akaweka saba ya shupaza. Ndipo nikalaza karata zangu, na mdomo ukaniacha.

Ukikaa kiti kile muda mfupi tu, macho yanaanza kuzoea. Mwanzo unaona karata zako, zimelala mbele yako kama nguo za maiti zinazosubiri kugawanywa. Halafu unaona za mwenzako kupitia migongo yake. Halafu unaona za wote. Nimelifikiri jambo hili miaka mingi na sijapata jibu: kwa nini aliyenyimwa kusema ndiye aliyepewa kuona? Kama kuna mwenye kupanga dunia, basi hapa alikuwa anatania. Au labda si utani. Labda kuona kote kungeruhusiwa kusema, hakuna meza ingesimama hata siku moja, na wenye meza walilijua hilo zamani, wakapiga hesabu yao.

Basi niseme nilichokiona, nikisema polepole, kwa kuwa roho ya mwanangu ilikuwa ndani ya hesabu hii ndogo.

Mimi nilikuwa na shupaza mbili: ree, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, na nne. Kopa tatu za ovyo na pau mbili za ovyo. Zilizobaki zote zilikuwa uru, sita kwa mpigo: mfalme, malkia, ghulamu, kumi, tisa na tano. Ukoo mzima umekosa mtu mmoja tu, ree, naye alikuwa amefichwa mkononi mwa Bi Rehani. Siwema kwa upande wake alikuwa na mfalme na malkia wa shupaza, ree na mfalme wa kopa, ree na mfalme wa pau, na uru mbili ndogo tu, nane na tatu. Mafungu ya uhakika yalikuwa saba. Alihitaji mawili zaidi, na hayo mawili, na mengine ya kutupa, yalikuwa yamelala mbele yangu kwenye uru.

Kazi ilikuwa kumtoa yule ree wa Bi Rehani. Siwema angecheza uru, kisha uru tena, mpaka mwanamke yule alazimike kuitoa. Lakini Bi Rehani hakuzaliwa jana. Uru ya kwanza angeiacha ipite. Ya pili ndiyo angeila, na hapo Siwema angekuwa hana tena uru mkononi mwake hata ya dawa. Uru zangu zingekuwa zote kubwa, hakuna wa kuzishinda, nazo zingekuwa upande wangu wa meza, na yeye upande wake. Maana karata zangu hazitoki zenyewe. Ili zichezwe, lazima fungu moja liliwe upande wangu, ndipo upande wangu uanze. Lazima kuwe na njia ya kuvukia. Na njia ilikuwa moja tu katika karata zangu zote: ree ya shupaza.

Kwa hiyo mpango mzima, maisha mazima, yalikuwa katika neno moja la fungu la kwanza. Makame ameweka saba ya shupaza. Siwema aseme "nne", mimi nisogeze ile nne yangu isiyo na maana, na yeye ale kwa mfalme wake mwenyewe. Ree ibaki. Ree ingoje, kama mlango ulioegeshwa.

Sema nne, Siwema.

Alikuwa anafikiri. Mke wangu ni mtu wa kupanga, hapiki wali kabla hajajua mkaa utaishia wapi. Niliona midomo yake ikitikisika kidogo, akihesabu. Saba, alifika. Uru, aliona. Ree ya Bi Rehani, aliihisi. Niliona wazo likimjia kutoka mbali, nikaliona likikaribia, na moyo wangu ukaanza kwenda mbio kwa furaha. Alikuwa karibu. Alikuwa amebakiza hatua ya kujiuliza nitarudije kule.

"Bubu wenu amekaa uchi," alisema Makame, macho kwenye karata zake.

Alilisema kwa upole, kama mtu anayekuambia kifungo chako kimefunguka.

Hapa lazima nieleze, la sivyo utamwona mke wangu mjinga, na mimi sitavumilia hilo. Mtaani kwetu tuna desturi tunayoiita kumvisha bubu. Aliyelaza karata zake ametoa kila alichokuwa nacho mbele za watu, hana siri wala sauti. Kumwacha akae hivyo huku mwenzake anakula mafungu kwa mkono wake mwenyewe ni kumdhalilisha. Kwa hiyo fungu la kwanza, kama linawezekana kuliwa kwa karata zake, huliwa kwa karata zake. Hiyo ndiyo kanzu yake. Baada ya hapo cheza utakavyo, amekwisha kusitiriwa. Nimeona wanaume wakirudisha posa kwa sababu binti alimwacha babake uchi kwenye karata za baraza. Nimeona majirani wakikaa misimu bila kusalimiana. Na katika miaka yote ya baraza zetu, sikumbuki siku desturi hii ilipomgharimu mtu kitu cha maana, kwa kuwa tulikuwa tunachezea kahawa na maneno.

Siwema aliinua macho akanitazama. Aliniona nimekaa pale, mikono magotini, karata zangu zote nje, mbele ya watu wageni wenye kiti wanachomwekea mwanangu. Na uso wake ukabadilika. Naujua uso ule. Ndio uso aliokuwa nao siku tuliyomzika mama yangu, aliponitoa chumbani, akanifunga vizuri shuka kiunoni kabla watu hawajaniona. Lile wazo lililokuwa linakuja kutoka mbali likasimama njiani. Likageuka. Upendo ulikuwa umelipita.

Nne, Siwema. Sema nne. Niache uchi. Mimi nani hata nivishwe? Mwanaume mzima, sitakufa kwa baridi ya meza. Niache niaibike mpaka mwisho wa dunia, lakini sema nne.

Nilimpenda mno dakika ile, na nilitamani kumzomea. Nilibana meno mpaka taya likaniuma. Nilijaribu kuinua nyusi, nyusi zikakataa. Nilijaribu kukohoa, kifua kikawa kama cha mtu mwingine. Labda kilikuwa cha mtu mwingine. Ukiisha kukubali kwamba karata zako ni za kutajwa na mdomo usio wako, sijui ni wapi hasa unapoweka mpaka na kusema hapa sasa ndipo ninapoanza mimi.

"Ree," alisema Siwema.

Mkono wangu ukatoka ukaisogeza. Mkono huu huu. Ukaisukuma ree katikati ya meza kwa utiifu wa mbuzi, na Bi Rehani akaweka mbili yake, na Siwema akaweka sita, na fungu likawa letu. La kwanza. Siwema akatabasamu kidogo, akanipa ishara ya kichwa kama mtu aliyemaliza kumkung'uta mwenzake vumbi begani.

"Amependeza," alisema Bi Rehani.

Makame alikuwa anatazama ukuta.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ile shupaza haikuwekwa kwa bahati. Walijua. Nilikuwa nimedhani siku zote kwamba wenye nguvu hutushinda kwa kile tusichokuwa nacho: karata ndogo, bahati mbaya, giza. Kumbe Nyumba haikuhitaji udhaifu wetu wowote. Ilichukua kitu kizuri kuliko vyote tulivyokuwa navyo, ikakiweka mbele yetu, ikatuomba tukitumie. Nani wa kujikinga na hilo? Utaamka asubuhi uikatae heshima yako, uwe mtu gani basi, na huyo mtu mpya aje kumwokoa mtoto wa nani? Nililizungusha swali hili, nikaona halina upande wa kushika.

Zamu ikawa ya upande wangu. "Mfalme wa uru," alisema Siwema, nami nikamsogeza. Bi Rehani aliweka nne, kimya, ree yake ameikalia. Fungu la pili likawa letu, na nikaona mvi ya kwanza chini ya mtandio wa kijani.

"Malkia."

Nikamsogeza malkia. Bi Rehani akaitoa ree yake ya uru, hakuwa na haraka, akaila. Siwema akaweka nane, ambayo ndiyo ilikuwa uru yake ya mwisho. Akatazama mkono wake, akatafuta. Nilimwona akitafuta kama mtu anayejipapasa mifukoni akiwa amesimama mbele ya mlango wake mwenyewe. Kisha akatazama karata zangu: ghulamu, kumi, tisa, tano, zote sasa zikiwa hazina wa kuzishinda duniani. Kisha akatazama lile fungu la kwanza lililofunikwa pembeni, ambamo ree ilikuwa imelala kifudifudi.

Mvi zikawa nyingi.

"Baba Azani," aliniita, sauti imetoka bila pumzi.

"Bubu haongeleshwi, mama," alisema Bi Rehani. "Cheza."

Alicheza. Sitaki kusema alikata tamaa, kwa sababu hakukata, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi kuliko kama angelilaza kichwa mezani. Bi Rehani alirudisha shupaza, Siwema akaila kwa mfalme. Mafungu matatu yetu. Alikuwa na matano mengine ya uhakika na njaa ya moja zaidi, akapanga upya, na nikaona mpango wake mpya, ulikuwa mzuri kadiri mpango wa mtu aliyefungiwa nje unavyoweza kuwa mzuri. Alikuwa na kopa nne, mimi tatu. Kama zile sita zilizobaki ziko tatu kwa Makame na tatu kwa Bi Rehani, basi acheze ree, acheze mfalme, atoe ya tatu iliwe, na kopa yake ya nne itasimama peke yake, ndogo lakini bila mpinzani. Hilo lingekuwa la tisa.

Mimi nilikuwa naona kwamba haziko tatu kwa tatu. Makame alikuwa nazo nne. Bi Rehani mbili. Nililijua hilo kabla hajaweka ya kwanza, na nikakaa nikimwangalia mke wangu akitumaini. Sijui kama kuna kazi mbaya kuliko hiyo. Ree ya kopa, wote wakafuata. Mfalme wa kopa, wote wakafuata. Macho ya Siwema yaling'aa, akawa kijana tena kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Akaweka ya tatu. Makame akaweka malkia. Mimi nikasogeza nane yangu niliyoagizwa.

Bi Rehani akatupa pau.

Kidogo hivyo tu. Ua jeusi dogo mahali palipopaswa kuwa na jekundu. Siwema alilitazama kwa adabu, akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepewa taarifa dirishani na hataki kumsumbua mtoa taarifa kwa kulia.

Yaliyobaki yalikwenda kama yanavyokwenda yaliyobaki. Malkia wa shupaza alikula. Ree ya pau ilikula, mfalme wa pau akala. Manane. Kwenye mafungu matatu ya mwisho Siwema hakuwa na chochote, Bi Rehani akala na kula, na kila fungu liliponipitia ilinibidi nitupe uru moja chini ya miguu yao: ghulamu kwanza, kisha kumi, kisha tisa. Zilikuwa kubwa kuliko kila kitu kilichokuwa mezani. Hazikuwa na kosa lolote. Zilikuwa safi, mpya, hazijawahi kutumika, na zilianguka kama taka.

"Manane," alisema Bi Rehani akikusanya karata. "Mmecheza vizuri sana. Mmepungukiwa moja."

Mdomo wangu ulirudi. Niliuhisi ukirudi kama mguu uliokufa ganzi, kwa sindano ndogo ndogo. Siwema alikuwa amezeeka kabisa, ngozi ya shingo imelegea, mtandio umepauka ukawa rangi ya majani makavu. Nikajitazama mikono, nayo ilikuwa ya babu yangu.

"Uliiona?" aliniuliza. "Ile njia. Uliiona tangu mwanzo?"

Kulikuwa na majibu mawili, na yote mawili yangemuua.

"Niliiona kanzu," nikamwambia. "Ilinikaa vizuri, Mama Azani."

Aliufunika uso kwa mtandio. Nilitaka kumshika, lakini Makame alikuwa ameinuka, akawa amesimama mbele yangu mikono imefungwa mbele, kama kijana wa mtaani aliyevunja dirisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mimi ni wa nyumba ya mwisho, ile yenye kisima. Wazee wangu walikaa viti hivyo mlivyokaa. Mama alimvisha baba." Aligeuka akautazama mlango. "Hutoki mpaka apatikane wa kurithi kiti. Nisamehe, mzee. Nami nina kwetu."

Akatoka kwa mlango ule ule tulioambiwa kwamba tungetoka na mwanetu. Hakukimbia. Alikwenda kwa hatua za mtu anayejifunza tena ukubwa wa miguu yake, na nilishindwa kumchukia, jambo lililonikera.

Kisha Azani akaingia. Alikuwa na ngazi begani, ile ngazi ya kuazima. Aliiegesha ukutani kwa uangalifu isikwaruze chokaa, akafuta mikono kwenye suruali, akaketi kwenye kiti cha Makame. Ndevu zake zilikuwa na chembe za mvi.

"Mama," alisema, "umezeeka."

"Na wewe una ndevu, mwanangu." Siwema alinyoosha mkono akazigusa. "Umekula?"

"Nimekula."

Akazichukua karata, akaanza kuzichanganya. Alikuwa na vidole vya upole, tangu utotoni. Alizichanganya kwa muda, macho chini, na aliponena alinena kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia hali ya mvua.

"Mama. Mtaani, bado wanamvisha bubu?"

"Bado, baba," akajibu Siwema haraka, kwa furaha ya kuulizwa jambo la nyumbani. "Bado kabisa, hawajaacha."

Kisha akaelewa alichokisema. Niliona likimfikia. Azani aliitikia kwa kichwa, akagonga meza kwa kifundo cha kidole, mara moja, taratibu, akijaribu mlio wake.

"Mazungumzo yamekwisha," alisema Bi Rehani. "Wapisheni wenzenu."

Tulitoka tumeshikana. Mlangoni, kwenye mwanga usio wa asubuhi wala wa jioni, walikuwa wamesimama wawili, mke na mume. Niliwajua hapo hapo. Alikuwa Faki, jirani yetu wa ukuta mmoja, na mkewe Mwanashehe, ambaye alitupungia mkono tulipoondoka nyumbani. Hawakuwa wamezeeka hata siku moja. Mwanashehe alikuwa bado ana unga kwenye viganja. Alikuwa ameushika upatu mdogo wa binti yao, Tuma, ule wa shaba wa kupigwa kwenye ngoma, kama mtu aliyetoka mbio na kilichokuwa mkononi.

Wao hawakutujua.

"Shikamoo, babu. Shikamoo, bibi," alisema Faki. "Poleni. Mmetoka humo ndani?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Wamemchukua binti yetu. Tumeambiwa tutamchezea karata." Alijaribu kucheka. "Mke wangu ndiye mjuzi, mimi ni wa kulaza tu. Babu, nyie mmeshaona. Kuna jambo la kujihadhari nalo? Tupeni hata neno moja."

Neno moja. Nilikuwa nalo. Lilikuwa limenikaa mdomoni tangu fungu la kwanza, nililing'ata miaka yote ile mpaka likawa na ladha ya damu. Nne. Mwambie mkeo aseme nne, au ndogo yoyote utakayokuwa nayo, Faki, akuache uchi. Sasa hakuna sheria ya kunizuia, meza iko nyuma yangu, na mdomo ni wangu. Lakini nyuma yangu pia, mlango haujafungwa, nilisikia karata zikichanganywa kwa vidole vya upole. Kama wawili hawa wakila tisa, Tuma ataenda nyumbani, na mwanangu atabaki kwenye kiti kile akingoja wengine. Wakipungukiwa, mwanangu atainuka.

Niligeuka kumtazama Siwema. Macho yake yalikuwa juu yangu, makubwa, makavu. Hakutikisa kichwa wala kukunja uso. Alikuwa ameanika kila kitu usoni pake, kikaonekana wazi, na alikuwa ananyamaza, akingoja nitaje.

Mwanashehe aliuhamisha ule upatu mkono mwingine.

"Neno lolote, babu," alisema.

Nikapisha njia, nikaweka mkono kifuani.

"Karibuni," nikasema.